Kizingiti cha Mama Kwenye Televisheni

Namba 9, Mtaa wa Tannery,
Thornley Bridge,
Yorkshire.
11 Novemba 1973

Mpendwa mdogo wangu Edith,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi goti linanisumbua, lakini mdomo, kama unavyonijua, ni mzima kabisa.

Wale watu wa mchezo wa televisheni wa Inspekta Tolliver, yule mpelelezi wa koti refu uliyekuwa ukimpenda kabla hamjahamia Australia, walikuja kupiga picha mtaani kwetu majira ya kuchipua. Tuliposikia wanakuja, wanawake wote tulifua mapazia na kusugua vizingiti kwa jiwe la kung'arishia mpaka vikawa vyeupe pepepe. Kumbe tumewaharibia kazi. Walitaka mtaa mchafu wa kumfichia muuaji, basi mwongozaji wao, Bwana Fenwick, akatuma watu na ndoo za tope na masizi watupake milangoni.

Wenzangu waliona haya kukataa. Mimi nilibeba kikombe changu cha chai, nikaenda kukalia kizingiti. Unajua halmashauri inataka kutubomolea, inasema nyumba zetu hazifai kuishi watu. Uingereza nzima ikituona tumejaa tope, nani tena atatutetea? Nilikasirika sana, Edith.

Fenwick akaja mwenyewe, anatabasamu. "Mama, huu ni mchezo tu. Tukimaliza tutakusafishia."

"Mama yangu alikisugua hiki kila Ijumaa mpaka wiki aliyokufa," nikamwambia. "Ukitaka kukipaka tope, anza na mimi."

Alibembeleza, akanuna, akatazama mawingu. Mwanga ulipoanza kumponyoka, akapiga picha hivyo hivyo.

Juzi ndipo walipouonyesha mchezo wenyewe. Mtaa mzima tulijazana kwa Bi Clegg wa namba saba. Tolliver akaja mpaka mlangoni petu, akakunja uso, akasema, "Hapa hata panya wanatamani kuhama." Nyuma yake kizingiti kinang'aa, na dada yako juu yake anakunywa chai. Tulicheka mpaka Bi Clegg akalia, ingawa nadhani alikuwa akililia kizingiti chake.

Jana bwana wa halmashauri alikuja na karatasi ya kunitaka nikubali kuhama. Akanitazama, akatazama chini.

"Ni wewe yule wa kwa Tolliver?"

"Ndimi. Na sihami."

Aliinua mguu juu, akakivuka kizingiti asikikanyage, kama tulivyofunzwa sisi wote utotoni, akaingia kuniomba sahihi. Hakuipata.

Sijidanganyi, wanaweza bado kutuletea matingatinga. Lakini nyumba tulimozaliwa haitaondoka kwa aibu. Siku watakayokuja watakikuta cheupe, na mimi nimekikalia.

Nisalimie shemeji Harold, na Maureen, na kadogo Keith ambaye sijamwona. Mungu awakinge na jua hilo kali.

Ni mimi dada yako nikupendaye, wa namba tisa bado,

Nellie