Kambi Imekuita Tena

Hallonbergen, Stockholm

Mjukuu wangu Mghoi,

Hujambo huko Lokichar? Sisi tu wazima. Mjomba wako bado yuko kwenye ghala kule Jordbro, na wanawe nikiwasemesha wananijibu Kiswidi.

Tangu uniambie kambi ya mafuta imefunguliwa na wanakutaka tena jikoni, sina raha. Unauliza kama uache ushonaji uliokulisha kambi ilipofungwa.

Nilipokuwa msichana kule Taita, bei ya mkonge ilianguka, shamba likafungwa. Mama akaanza kuoka mikate ya kuuza. Siku king'ora cha shamba kilipolia tena, baba alicheka hadi machozi yakamtoka.

"Zima tanuri," akasema. "Kazi imerudi."

"Nenda, Baba Saru," mama akamjibu. "Mimi nitawauzia mkate ninyi wa shambani."

Baba alinuna siku nyingi. Kisha bei ikaanguka tena. Alirudi mchana, akamkuta mama anakanda unga. Alichukua shoka, akaenda kupasua kuni.

Huenda safari hii mafuta yakadumu, sijui. Naogopa kukuzuia, naogopa kukuruhusu. Ukishaamua, nipigie mimi kwanza. Lolote utakalosema, sitakugombeza.

Nyanya yako,
Saru