Meya Anatafuta Cheti

Jumatatu, 4 Machi

Corinne kaniletea mbwa. Hakuuliza, kaleta tu. Mbwa, gunia la chakula, na blanketi linalonuka Leland, baba yake. Binti yangu ni mwema kupindukia, hasa akitumia nyumba yangu.

Anasema kwake mwenye nyumba hataki mbwa, na baba yake hana mtu mwingine.

Hana mtu! Alikuwa naye. Nilihamishwa kwenye jiko langu mwenyewe ili huyo Sheila wake aingie. Sasa kiharusi kimeingia, Sheila katoka. Kaenda Florida, mguu niponye.

Mbwa anaitwa Meya. Mkubwa kama ndama, rangi ya kahawa, sikio moja limesimama, jingine limestaafu. Leland alimwita hivyo kwa sababu hapitwi na mtu bila kumsalimia, utadhani anaomba kura. Leo kamkumbatia mleta barua. Barua za mtaa mzima zilikuwa kwenye theluji, na mleta barua juu yake.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kumwona Leland. Kwa ajili ya Corinne, si kwa ajili yake.

Nusu ya mwili imelala. Mdomo umekwenda upande. Mtu aliyekuwa akiongea mpaka redio inanyamaza, sasa kabakiwa na neno moja. Unataka maji? "Meya." Unaumwa? "Meya." Kanitazama mimi, mtalaka wake, nimesimama na koti langu zuri — "Meya?"

Nikamwambia yuko kwangu, anakula kochi. Akacheka upande mmoja. Machozi yakamtoka pande zote mbili. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Nikamfuata msimamizi wa nyumba ile ya wagonjwa, Bi. Ostrander, mwanamke aliyenyooka kama kapigwa pasi. Mbwa anaweza kuja? Hapana. Kuna mbwa wa mgeni alimwangusha mzee mmoja, nyonga ikavunjika. Labda awe na cheti cha tabia njema.

"Mbwa?"

"Ndiyo, mama. Kuna mtihani."

Na Leland mwenyewe je? Huyo wamempa kitanda bila kumwuliza cheti chochote!

Jumamosi, 9 Machi

Darasa la kwanza, kwenye ukumbi wa zimamoto. Mwalimu anaitwa Desmond. Mtu mrefu, sauti ya chini, mifuko ya suruali imejaa vipande vya maini makavu. Ananuka bucha, lakini ana tabasamu.

Katueleza mtihani. Mgeni aje amsalimie mwenye mbwa, mbwa atulie. Apapaswe, atulie. Apite katikati ya watu. Akae, alale, abaki, aje akiitwa. Akutane na mbwa mwenzake bila fujo. Sufuria ianguke, asikimbie. Mwisho, mwenye mbwa atoke nje, mbwa abaki na mtu asiyemjua bila kulia.

Desmond kaja kunipa mkono. Meya kamvika miguu ya mbele shingoni, kamlamba sikio, kisha kaingiza pua mfukoni na kuyamaliza maini ya darasa zima.

"Dada Bobbie," kasema Desmond, anajifuta, "mbwa mkali ningemtuliza upesi. Huyu ana furaha. Tutatoka jasho."

Na kelele zangu hazisaidii, kasema. Nikipiga kelele, Meya anadhani namshangilia. Akiruka, nigeuze mgongo. Nisiseme neno. Nimgeukie akishatulia.

Kugeuza mgongo! Wangenifunza hilo kabla sijaolewa.

Ijumaa, 15 Machi

Aibu. Aibu. Aibu.

Desmond alisema nimzoeze kwenye kundi la watu. Kundi gani kubwa mji mzima wa Parma kuliko foleni ya kununua samaki wa Kwaresima pale kanisani? Nikampeleka. Meya kaanza mwisho wa foleni, kamsalimu kila mtu hadi mlangoni. Wazee, watoto, wote. Mimi nyuma, naburuzwa kama mzigo. "Samahani, samahani." Kina mama wanacheka. Mmoja kanipigia kelele: "Bobbie! Umepata mwanamume mwingine anayekuburuza?"

Padre Stan katoka na sahani, samaki na pierogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, zinang'aa siagi. Nikageuza mgongo kama nilivyofunzwa.

Nilipogeuka sahani ilikuwa tupu. Padre anatazama vidole vyake kama anavihesabu.

"Angalau ni samaki," kasema. "Hajavunja mfungo."

Jumanne, 26 Machi

Kakaa! Mleta barua kapita, Meya KAKAA. Anatetemeka mwili mzima, mkia unafagia ngazi, analia puani — lakini makalio chini! Nimempa kipande cha soseji. Nimempa na mleta barua.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Corinne kaja kula nyama. Kaniuliza kwa nini najitaabisha hivi kwa ajili ya baba.

Nikasema ni kwa ajili ya mbwa.

Kasema, "Haya, mama." Na ile sauti yake!

Ni kwa ajili ya mbwa. Usiku Meya huenda mlangoni, anakaa, anasubiri mtu ambaye si mimi. Naijua kazi hiyo. Niliifanya miaka mingi, na sikupewa soseji.

Jumatatu, 8 Aprili

Jua limepatwa leo. Mtaa mzima tuko nje na miwani ya karatasi, vichwa juu kama bata wanaongoja mvua. Mchana umekuwa usiku. Ndege kimya. Mbwa wote wa Parma wanabweka, yule wa jirani kaingia chini ya gari.

Nikamwambia Meya, "Baki." Kabaki. Giza totoro, watu wanapiga mayowe, jiko la jirani limejaa soseji na hakuna anayelitazama — kabaki, macho kwangu.

Jua likarudi. Jirani kaniuliza kama nililia kwa sababu ya jua. Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 13 Aprili

KAPITA!

Alikuja mtahini mgeni, mama mmoja mkavu, hata habari ya asubuhi hakuitikia vizuri. Maini marufuku. Mgeni, sawa. Kupapaswa, sawa, japo alifumba macho kama mteja anayeoshwa nywele saluni kwangu. Sufuria ilipoanguka niliruka mimi.

Kisha nikatolewa nje. Dakika tatu. Nikasimama nyuma ya mlango, sikio kwenye mbao. Kimya. Nikafikiri kamla yule mama. Mlango ukafunguka — Meya kalala, kidevu juu ya kiatu cha mtahini, na yule mama mkavu anamsemesha kitoto! Aliponiona akakohoa, akaweka sahihi.

Desmond kanikumbatia. Meya katutazama, kakaa tuli. Mwenye cheti ni yeye, si sisi.

Jumapili, 14 Aprili

Naandikia kwenye gari, nje ya nyumba ya wagonjwa. Mwandiko wa kuku.

Tuliingia vizuri. Bi. Ostrander kasoma cheti mbele na nyuma, kana kwamba kuna mbwa wanaoghushi. Ukumbini wazee wamejipanga. Meya kapita katikati yao kama bwana harusi.

Leland alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Wamemchana nywele vibaya. Kamwona. "Meya," kasema. Polepole, kama mtu anayeogopa kulivunja neno.

Na Meya kakaa! Palepale. Anatetemeka, hasogei, ananitazama mimi. Leland kangoja. Uso ukaanza kumwanguka — kadhani mbwa kamsahau. Nikaona kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mtu huyu anasubiri kitu kutoka kwangu.

Nimemsubirisha kidogo. Nakiri. Kidogo tu.

Kisha nikasema, "Nenda."

Hakuruka. Alikwenda, akaweka kichwa kwenye paja la Leland, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Ule mkono mzima ukashuka kwenye sikio lililostaafu. Corinne analia, muuguzi analia. Bi. Ostrander kageukia ukuta.

Leland kainua kichwa, kanitazama. Midomo inahangaika. Neno jipya linakuja, wote tunaliona linapanda! Nikainama nilisikie.

"Sheila," kasema.

Nikatoka. Corinne kanifuata mpaka mlangoni: "Mama, ni kiharusi! Maneno yanachanganyika!"

Yalikuwa yanachanganyika hata kabla ya kiharusi.

Kwa hiyo niko hapa. Naliona dirisha lake kutoka kwenye gari. Leland anatikisa kichwa, hapana, hapana, anapiga kioo na ule mkono mzima, anaonyesha kidole huku kwangu. Corinne anainama kumsikiliza. Na Meya — Meya kasimama kwa miguu ya nyuma! Miguu yote ya mbele juu ya dirisha, ulimi kwenye kioo, maua ya mtu yameanguka. Bi. Ostrander anakuja, namwona, anakuja kwa mbio, na kile cheti bado kiko mkononi mwake.

Leland anasema kitu. Sisikii, kioo kimefungwa. Midomo inafunguka, inafungika. Neno moja. Analirudia. Si "Meya." Midomo inakutana mara mbili, kama kwenye jina langu.

Nimefungua mlango wa gari. Mguu mmoja uko nje.