Mkono wa Kushoto wa Baba

Keroka,
Jumatatu, 24 Novemba 2025

Dada mpendwa Nyakerario,

Baba alisema jana kwamba atapiga obokano, kinubi chake, katika harusi yako. Alisema mwenyewe, sebuleni kwetu Gesima, mimi na Mama tukisikia. Nimeitanguliza habari hiyo kwa sababu ndiyo unayoingoja; sasa pokea salamu. Natumaini joto la Lodwar halijakushinda na kwamba wodi yenu imeongezewa wauguzi. Sisi tu wazima. Mvua inatosha, chai inachumwa, na kibanda changu cha kutengeneza simu kinanilisha. Barua hii atakuletea Esnah, anayerudi huko Lodwar. Sikupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na kuna jambo huku chini ambalo sitaki ulisikie kabla ya mengine. Najua tabia yako ya kuruka mistari. Usiruke.

Mkono wa Baba haujapona. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alituambia wiki iliyopita kwamba vidole vya kushoto huenda visifanye zaidi ya kushika kikombe. Obokano hutaka mikono yote miwili, kila mkono na nyuzi zake. Unakumbuka alivyokuwa amewatangazia watu wa Gesima kwamba siku yako hatakodi mpigaji. Kiharusi kilipompata aliifunika obokano kwa gunia, akasema harusi iendelee ila yeye atabaki chumbani, kwa kuwa hawezi kukaa mbele ya wakwe kama mtu aliyealikwa. Nawe ukasema asipokaa nje hakuna harusi, isogezwe hadi apone. Hapo ndipo mambo yalipokwama.

Nikafikiri gitaa langu, unalolijua, lingeweza kumsaidia. Sauti yake ni safi mno kukaa karibu na obokano, ambayo huvuma kwa uzito na kukwaruza. Nikaamua kutengeneza pedali ya ovadraivu, yaani kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoisukuma sauti ya gitaa hadi ianze kukwaruza. Ndani yake hamna kitu nisichokishika kila siku kazini. Vipuri nilivipata kwa Ismael, mjini Kisii. Aliniuliza kwa nini mtu mzima ajisumbue kuharibu sauti wakati redio mbovu alizo nazo zinaifanya kazi hiyo bure. Kisha akanichagulia swichi imara kuliko ile niliyoomba. Saketi niliitia katika mkebe wa biskuti wa Mama, kwa sababu kisanduku cha plastiki huingiza mngurumo. Mama bado anauliza nyuzi zake za kushonea zitalala wapi.

Niliijaribu nyumbani, Baba akiwa chumbani, mlango umefungwa. Mara ya kwanza alisema kupitia ukutani kwamba kuna bodaboda isiyo na ekzosi inazunguka sebuleni, mwenye nayo afunguliwe mlango aondoke. Nilipopunguza ukali, alisema sasa ni mtu mwenye mafua anayejifanya anaimba. Mama alilalamika kwamba ng'ombe amekataa kusimama akamuliwe. Nilirudi Keroka nikabadilisha dayodi mbili, zile zinazokata kilele cha sauti. Kwa kawaida hutazamana kinyume. Kwa haraka nilizichomelea zote zikielekea upande mmoja.

Kosa hilo nililigundua jana, mkebe ukiwa wazi mezani, baada ya kupiga nyuzi chache za chini. Nilikuwa nimeshika koleo nizing'oe, mlango wa chumbani ukafunguka. Baba alitoka na fimbo yake, akaketi, akaniambia nisiguse kitu. Akataka nirudie. Nikarudia. Akamwambia Mama alete obokano. Mama, ambaye tangu tukiwa wadogo amekiita chombo hicho rafiki wa walevi, alikwenda stoo, akalitoa gunia, akaileta mwenyewe na kumwekea miguuni.

Baba alipiga nyuzi za mkono wa kulia. Za kushoto alinielekezea kwa kichwa, nami nikazitafuta kwenye gitaa. Nilikosea sana. Alisema mkono wake wa kushoto haujawahi kuwa mjinga kiasi hicho, hata siku ulipopooza. Mama alicheka hadi akakaa. Sikudanganyi, Dada: gitaa halijawa obokano, na Baba huchoka upesi. Lakini wimbo mmoja tuliumaliza, na ukiwa jikoni usingejua kwamba wapigaji ni wawili. Hapo ndipo aliposema atapiga, nami nikae upande wake wa kushoto.

Sasa lile jambo. Ulinituma Kiogoro nimwambie baba wa mchumba wako Mokua kwamba tarehe isogezwe, kwa kuwa neno kama hilo hawezi kulipokea kwa mwanawe. Lazima litoke kwetu. Nilikuahidi, nikaondoka siku hiyo hiyo. Nilipofika Kisii niliingia dukani kwa Ismael, nikanunua vipuri, nikageuza. Kiogoro sikufika. Mokua alinipigia kuuliza mbona wazee wake hawajasikia kitu, nikamwomba asubiri. Kwa hiyo kwao harusi bado ni tarehe 21 Desemba. Nilifanya hivyo bila ruhusa yako, na wakati ule sikuwa na uhakika kwamba kisanduku kitatoa hata mlio. Baba hajui. Ukikasirika, unikasirikie mimi.

Ukitaka bado isogezwe, niambie, na safari hii nitafika.

Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Baba anasema urudi na viatu vya kuchezea, si vile vya wodini. Msalimie Esnah, na umshukuru kwa kubeba mzigo asioujua.

Jumapili hii tunafanya mazoezi tena. Wazee wa Kiogoro watafika nyumbani Jumapili inayofuata, tarehe 7, saa nne asubuhi, kukamilisha mipango. Nangoja neno lako kabla ya hapo.

Ni mimi nduguyo,
Bosire