Ngoma Kubwa Imebaki Mikumi

Kilosa, Jumapili jioni. Mvua imekatika tangu mchana lakini joto halijaondoka. Niliamka na hasira, na mpaka saa hizi ninayo.

Jana tumesoma arobaini ya rafiki yangu Mwanahawa.

Kwetu Mabwerebwere, kisomo kikiisha na watu wakishakula, wanawake hupiga ngoma kidogo kuanua matanga. Miaka yote mpigaji alikuwa yeye. Alirithi ngoma mbili kwa bibi yake aliyekuwa kungwi: ndogo ya kuita na kubwa ya kuitikia. Alikuwa akikaanga mihogo sokoni, na akisikia kuna harusi au msiba kijiji cha Kisanga au cha Ulaya, aliacha karai lake, akafunga ngoma kubwa nyuma ya baiskeli na kwenda. Hakutaka malipo. Vijana aliwafundisha bure, na hakumuuliza aliyekuja kuazima atarudisha lini.

Nilikuwa namgombeza kwa hilo. Nilimwambia watu wanamchezea. Alicheka tu, akasema hawezi kupata usingizi na ngoma ndani wakati mwenzake anaihitaji.

Haya, siku anakufa, ndogo ilikuwa kwangu na kubwa ilikuwa Mikumi, kwenye hoteli ya watalii. Aliiazima Shabani, kijana wa mtaani kwetu anayefanya kazi huko. Huyu amekula mihogo ya Mwanahawa tangu yuko shule ya msingi, na kupiga ngoma alifundishwa na Mwanahawa huyo huyo. Alisema ni kwa burudani ya usiku mmoja.

Juzi nilipanda basi kuifuata.

Shabani alinipokea vizuri, akaniamkia, akaniletea soda na kiti kivulini. Kisha akanipeleka mapokezi. Ngoma imekazwa kwa skrubu juu ya jukwaa dogo, na ngozi yake inang'aa. Wameipaka vanishi. Ngozi ambayo Mwanahawa aliipasha kwa moto wa majani makavu kila mara kabla ya kupiga, ili ikaze, wameipaka vanishi ya makabati! Nikaigonga. Ikatoa sauti ya meza.

"Tumeitunza, dada," Shabani akaniambia. "Hapa mchwa hawaigusi, na kila mgeni anapiga nayo picha."

Kinachoniuma ni kwamba hakuwa na hila yoyote. Alidhani nitamshukuru. Ngoma iliyokwisha kufa sauti sikuona haja ya kuing'oa; nilirudi Kilosa mikono mitupu.

Basi jana nikapiga ile ndogo peke yake. Iliita, ikaita tena, hakuna cha kuitikia. Wanawake wakajaribu kujazia kwa makofi, wakapotezana, wakakaa chini. Haukupita muda mtu akaleta spika, ukafunguliwa muziki wa kwenye simu, na watu wakainuka kucheza wala hawakuona kuwa kuna kilichopungua. Shabani naye alikuwemo. Mimi niliingia chumbani nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Wote wale Mwanahawa aliwapigia harusi zao. Hakuna hata mmoja aliyejitolea kunisindikiza Mikumi.

Leo asubuhi Shabani amepita kuaga. Akazunguka na maneno weee, mwisho akasema bosi wake anaomba na ile ndogo, ili mbili zikae pamoja. Wataandika jina la marehemu ukutani.

"Mwenyewe angekubali, dada," akasema. "Unamjua."

Namjua. Angekubali kabla hajamaliza kuomba, na angembebea mwenyewe hadi stendi.

Nimemwambia hapana.

Ameondoka amenuna, na mchana tayari nimesikia jirani akisema mimi ni mchoyo, nimejimilikisha mali ya marehemu kwa kuwa hakuacha mtoto. Wacha waseme. Maneno yao siyaogopi. Ninachoogopa ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu bibi yake Mwanahawa aiwambe, mtu ameomba ngoma hii akanyimwa, na aliyenyima ni mimi, niliyejiita rafiki yake.

Ningempa, wangeipaka vanishi nayo. Hilo nina hakika nalo. Lakini nikiifungia ndani asiiguse mtu, hiyo itakuwa bado ni ngoma ya Mwanahawa?