Mkaki wa Alois

Jumatano, 3 Julai 2024

Alois,

Wameukata mkaki wako.

Nilikwenda Njombe kufuatilia cheti chako cha kifo. Nimerudi saa nane mchana, nikaona uani kuna mwanga mwingi, nikashangaa unatoka wapi. Kumbe mti haupo. Mdogo wako Kasimiri amekaa juu ya gogo, anafuta shoka.

"Pole, shemeji," akasema. "Ulishakauka. Umemfuata mwenyewe. Haifai mti wa namna hiyo kusimama mlangoni kwako."

Umekauka! Kila mwaka baridi ikianza unapukutisha majani, na kila Septemba unachipua. Miaka kumi na moja Kasimiri amepita chini yake kuja kuomba chumvi, hajawahi kuinua macho. Nilikwangua gome kwa ukucha nikamwonyesha ukijani.

"Huo ni umande, shemeji."

Umande. Saa nane mchana.

Priska mke wake alikuwa ameshahamishia matawi jikoni kwake. Nilimfuata, nikachomoa vijiti mafigani. Viwili vimeungua ncha. "Dada, hizo ni kuni tu, utachafua kitenge." Nikavifungia humo humo kwenye kitenge. Ningejibu, ningesema neno la kujutia.

Nina vijiti kumi na tisa, unene wa penseli.

Alhamisi, 4 Julai

Vijiti viko ndani ya gazeti bichi, ndani ya mfuko, chini ya soda za rafiki yangu Scola pale stendi Makambako. Nani mwingine ningemwomba friji? Anasema wateja wakiuliza atawaambia ni dawa ya kutuliza waume. Nikacheka, mara ya kwanza tangu tukuzike Machi. Halafu nikajikasirikia kwa kucheka.

Vikae huko mpaka Agosti mwishoni, miche iamke, niviunge juu yake. Ile saba uliyootesha kwa mbegu bado iko kwenye viriba nyuma ya jiko. Kasimiri anasema, si hiyo inatosha, ya nini tena kuhangaika na kuni? Hajui kitu. Ya mbegu tu ikizaa, huenda ikazaa matunda ya kukunja mdomo. Utamu ulikuwa kwenye kijiti walichokupa masista, na kijiti hicho ndicho kilichokua kikawa mti alioukata.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimebebesha yote saba, kijiti juu ya kila mche.

Zamani wewe ulikata, mimi nilishika ncha ya ukanda wa nailoni kwa meno, maana mikono yetu minne ilikuwa haitoshi. Ukaniita mkono wa tano. Leo nimekata mimi, na kushika kwa meno mimi. Kisu chako kile chenye mpini uliozungushiwa uzi. Mkato wa mshazari, mara moja, bila kurudia. Kila kijiti macho mawili ya kuchipua. Nimeharibu vijiti sita kabla mkono haujatulia. Mdomo una ladha ya nailoni mpaka sasa.

Kasimiri kachungulia juu ya ua. "Shemeji, unafunga bandeji maiti?"

Nikaendelea kufunga.

Jumatano, 25 Septemba

Minne imekufa. Mitatu imeshika. Macho yamefunguka, majani madogo, yanang'aa kama yamepakwa mafuta.

Kasimiri amekuja, akainama, akatazama muda mrefu. "Kumbe ulikuwa hai." Basi. Hakusema samahani. Aliomba chumvi.

Jumapili, 6 Oktoba

Leo baada ya misa Kasimiri amesimama mbele ya jumuiya nzima. Ati familia imeamua miche mitatu ya marehemu iende Mlangali, ikapandwa kaburini kwake. Familia ipi? Watu wakapiga makofi. Mimi nimekaa benchi la pili, nasikia habari ya miche yangu kama mgeni.

Nilimfuata nje. Nikamwambia kwa upole, subiri mvua. Kidonda bado kibichi, na barabara ile ya mashimo itavunja maungio yote. Desemba nitaupeleka mmoja mwenyewe, nimeushika mapajani.

"Miche ya kaka iende kwa kaka," akasema. "Au unamnyima marehemu?"

Kumnyima! Mimi!

Sasa ni saa tisa. Lori la mbolea linalokwenda Mlangali limesimama barabarani. Kasimiri yuko getini na boksi la sabuni, amelitandika nyasi chini, na Priska nyuma yake. Naona amelitandika vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi; anadhani anakufanyia wema.

Nimeleta kigoda, nimekaa mbele ya viriba na daftari hili magotini. Sijawahi kumzuia mtu kitu maishani mwangu. Dereva amepiga honi mara mbili.

"Shemeji, inuka basi, watu wanatazama."

Alois, siinuki. Wakifika kaburini kwako mikono mitupu watakuambia nimekunyima. Kumbuka ni nani aliyeshika ukanda kwa meno. Nikumbuke hivyo.