Kibuyu cha Mabira

Ndama, Karagwe

Mdogo wangu Benadeta,

Marahaba. Najua hujaniamkia, ila naitikia kabisa tusipoteze muda. Mguu unaendeleaje? Plasta wameshatoa, au bado unaburuzwa mpaka jikoni? Mimi huku mzima kuliko vijana, kahawa imeiva, wifi yako Auleria anakusalimu, anasema uache kulia kwenye simu. Naandika kwa mkono huu huu wa ngumbaru, herufi kama kuku kakanyaga majivu, kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Karatasi haimkatizi mkubwa.

Nimesikia umesema posa ya Jovin ife, kwamba mwanao haoi kwenye nyumba iliyotuaibisha. Nani kakuambia? Hiyo habari kila mtu anaisimulia vibaya. Wa Kihanga wanasema mzee Celestin, baba wa binti, alitufukuza kwa fimbo. Wa kanisani wanasema mimi kaka yako niliirukia pombe ukweni kama nzi. Midomo ya watu ambao hata kualikwa hawakualikwa! Nisikilize mimi.

Msemaji wetu alikuwa Lameck, mdogo wa marehemu mumeo, huyo mnayemtukuza kwa kuwa anashika maikrofoni kwenye harusi za Kayanga. Haya. Tumefika Mabira, sebule imetandikwa nyasi, tumekaa, wakwe kimya kama desturi. Msemaji wao akauliza kama tumepotelewa na mbuzi au na njia. Utani mwepesi, hata mlevi anaujibu. Kumbe Lameck bila maikrofoni ni jogoo aliyenyeshewa. Akakohoa. Akajifuta jasho kwa tai. Akaanza na wapendwa waalikwa. Waalikwa gani, na wageni ni sisi? Halafu akanyanyua kibuyu chetu cha rubisi, mikono inamtetemeka mpaka mrija unacheza ngoma, akamkabidhi mzee Celestin bila kuonja.

Bila kuonja, Benadeta! Nani hajui kwamba mwenye kuleta pombe ndiye anaonja kwanza, ili anayepokea ajue hakuletewa sumu? Mzee akakiweka kibuyu chini. Akasema polepole kwamba binti yake Uwamahoro haendi kwa watu wanaoogopa pombe yao wenyewe. Wanawake wa jikoni wakaacha kuimba. Jovin akainamia viatu vyake, nikaona tone limedondokea kiatuni. Posa ilikuwa inakata roho pale pale kwenye nyasi.

Ndipo nikasimama mimi Kaijage. Nikachukua kibuyu, nikavuta mrija mpaka kikalia, nikamwambia mzee kama ni sumu basi anizike kwenye migomba yake, atakula ndizi nene mwaka mzima. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akaitisha mrija wake. Posa ikapita.

Njiani kurudi Lameck akatuletea Kiingereza. Ati haukuwa woga, ni nevu, mishipa ya fahamu. Akaanza kutufundisha humo garini: ukitetemeka umeipoteza nevu, ukiwa shujaa unayo, ukikosa haya mbele za watu unayo vilevile, na ukimchosha mtu kwa maneno umempanda juu ya nevu zake. Nikamwambia hilo si neno, ni gunia, wamemtia shujaa na mhuni humo humo wakafunga kamba. Sisi mwoga tunamwita mwoga, asiye na haya tunasema ana uso mkavu, mwenye moyo tunasema ana moyo. Na yeye siku ile hakuwa na hata kimoja. Alikuwa na tai.

Sasa mdogo wangu, funga mlango, haya yanayofuata usimsomee mtu. Nimesikia umesema pia kwamba binti ni mpole mno, mji wako hatauweza.

Kile kibuyu sikukinywa mimi. Kusimama nilisimama, lakini jicho la Celestin liliponipata, nikakaa tena. Aliyeonja ni Uwamahoro. Alitoka chumbani akaja sebuleni, mahali ambapo mchumba hatakiwi hata kupiga chafya, akapiga magoti, akaokota kibuyu mbele ya baba yake, akavuta mrija. Akamwambia baba yake kwamba nyumba iliyoleta pombe ndiyo inaonja, na imeshaonja. Celestin hakucheka hata kidogo. Alimtazama mwanawe. Kisha akakipokea kibuyu mkononi mwake akanywa, na safari hii mkono uliotetemeka ulikuwa wa baba.

Wazee tukapatana pale pale binti asitajwe, maana watu wangesema ana uso mkavu. Nikasema waambieni nilikunywa mimi, na ule utani wa migomba nikautunga hapo hapo mbele ya Celestin. Waache waniite mlevi, nimeshaitwa mabaya zaidi, na mengine na wewe. Lakini kwako siwezi kunyamaza, utaiua posa ya mwanamke aliyejitia nyumbani kwako hata mbuzi mmoja hujampelekea baba yake. Mpigie Celestin, muulize hali ya migomba, mengine atayaelewa.

Wasalimie wote wanaokupikia, na mguu uusalimie peke yake. Katika barua yote nimetunga hapo tu, pa kunywa, na ile kofia iliyofuatana nayo. Mengine yote kweli tupu, hasa tai.

Ni mimi kaka yako, mlevi wa Mabira,

Kaijage