Baba, Nilikulisha Mabaki ya Watalii

Baba yangu,

Sitaanza kwa salamu ndefu kama ulivyonifundisha, utanisamehe. Nimekaa jikoni kwetu Rhotia, mama amekwenda sala ya jumuiya, na mbele yangu kuna bakuli la ngwara, yale maharage yetu ya huku, nililokwisha kulimaliza. Nimeshiba. Mwili wangu ni mwepesi kuliko mwaka ule uliotuacha. Lakini kinyaa hakijanitoka, wala sio kinyaa cha chakula hiki. Najichukia mwenyewe, na leo nimeona nikuandikie waziwazi, wengine nao wasome, maana wapo wanaowafanyia wazazi wao nilichokufanyia mimi, na wanashukuriwa kama nilivyoshukuriwa.

Unaikumbuka siku niliyorudi kutoka chuo cha hoteli Arusha? Mama alikuwa amepika makande, mahindi mazima na maharage ya shamba la juu, na pembeni majani ya maboga. Nilifunua sufuria nikasema, "Jamani, bado mnakula haya?"

Mama alicheka. Wewe hukucheka. Uliivuta sahani yako ukaiweka nyuma ya mguu wa kiti, kama mtu aliyefumaniwa. Tangu siku ile, kila uliposikia nakuja, ulimkataza mama kupika makande. Ulikwenda senta mwenyewe kutafuta mchele na nyama. Mtu uliyekula chakula cha shamba lako miaka sitini bila kujua mlango wa hospitali ulipo, nilikufanya ukione chakula hicho aibu kwa sentensi moja, tena nikiwa nimesimama, hata mkoba sijaweka chini.

Halafu nikapata kazi ya jikoni kwenye loji pale Karatu. Ulitangaza kanisani karibu mtu mmoja mmoja. Na mimi nikaanza kukuletea lanchi boksi.

Wasiozijua niwaambie. Kila alfajiri tunawafungia wageni wanaoshuka kreta kutazama wanyama chakula cha mchana katika kisanduku cha karatasi: kuku wa kukaanga, soseji, yai, keki, chokoleti, juisi ya pakiti. Wengi wanaonja tu. Wengine hawafungui kabisa, wamekwisha kushiba kifungua kinywa. Jioni gari linarudi limejaa vumbi, na madereva wanatushushia visanduku vile jikoni, vimeshinda kwenye joto siku nzima, kuku ameng'atwa upande mmoja, keki imebonyezwa na kamera ya mtu. Tulitakiwa kuvitupa. Hatukutupa. Tulichagua vilivyo vizuri, kila mmoja akabeba vya kwao.

Siku yangu ya mapumziko nilipanda bodaboda na mfuko umejaa. Ulikuwa unanisubiri barabarani. Ulikaa kwenye kigoda chako kibarazani, ukafungua kisanduku polepole, ukaitandika ile karatasi nyeupe ya kufutia mikono juu ya goti.

"Hiki ndicho wanachokula wazungu?" uliniuliza siku ya kwanza.

"Ndicho hicho, baba."

"Basi na mimi ni mtalii."

Tukacheka sana. Kisha ukavua kofia ukaomba, na maneno yako nayajua mpaka leo: "Bwana, asante kwa chakula hiki, na ibariki mikono iliyokileta." Nikaitikia amina. Nilijiona binti mwema kuliko mabinti wote wa Rhotia. Lakini yai ulilokula siku ile nilikuwa nimelinusa jikoni nikasita. Nilisita, baba, nikakupa.

Haikuwa mara moja wala mwezi mmoja. Ilikuwa miaka minne. Ulianza kunenepa, na watu wakasema binti anamtunza baba. Juisi ukazoea hata nisipokuja, ukawa unanunua dukani. Baada ya misa ulipitia kwenye kibanda cha kitimoto, ile nyama ya nguruwe, na baba mdogo Fabiano, mdogo wako, mkirudi midomo inang'aa mafuta. Mama alikutengea mboga, ukasema mboga ni chakula cha watu wasio na mtoto loji. Ulisema kwa utani. Mama hakuchukulia utani, nilimwona alivyoifunika ile sahani.

Walipokupima sukari na kukuandikia vidonge, nesi alikupa na karatasi ya vyakula. Niliisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili chepesi kabisa, ukiwa na macho na akili hukosi kuelewa. Unga usiokobolewa. Maharage, mbaazi, kunde. Mboga za majani. Kusiwe na soda, juisi za pakiti, keki wala vya kukaanga. Yaani ilikuwa sufuria ya mama, ile niliyoifunua nikaicheka. Niliikunja nikaitia kwenye kabati. Wiki iliyofuata nikakuletea kisanduku kama kawaida, ila nilitoa chokoleti. Nilidhani nimefanya jambo.

Kidole chako cha mguu kilipopata kidonda hukukisikia hata kuuma. Mama ndiye aliyekigundua, kwa harufu. Nilichukua likizo nikakusafisha mwenyewe, maji ya chumvi na pamba, na harufu ile ilikaa puani mwangu hata nilipokuwa kazini nakata nanasi. Lakini sitaki kusema nilikionea kinyaa kidonda chako. Kidonda kilikuwa hakina kosa.

Ninachokionea kinyaa ni siku ile hospitalini, kabla hawajakukata mguu. Unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Nesi alikuwa mama wa makamo, mpole, amekaa na faili mapajani. Akauliza, "Mzee, nyumbani unakula nini?"

Nilikuwa nimesimama kichwani pako. Nilijua jibu lote. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Wewe ukageuza shingo ukaniangalia, ukanisubiri kidogo, halafu ukamwambia nesi, "Ugali na mboga, binti yangu. Sisi ni wakulima, tutakula nini kingine?"

Nesi akaandika. Ulidanganya siku tatu baada ya kupokea Ekaristi, mtu ambaye ulikuwa unaungama hata kumkasirikia punda. Ulidanganya ili nisipate aibu mbele ya nesi. Na mimi nikakuachia. Nilirekebisha shuka miguuni pako kama mtu mwenye kazi.

Ulikaa na mguu mmoja miezi mitano. Tukakuzika. Na msibani tulifanya nini? Tulichinja. Tuliwapa watu wali wenye mafuta mpaka kwenye kiwiko, na kreti za soda zikapangwa karibu na jeneza lako, kwa sababu hapo ndipo palikuwa na kivuli. Watu walitafuna nyama na kulia kwa zamu. Mimi nilikula. Nilikula sana. Nikaenda nyuma ya zizi nikatapika, nikanawa, nikarudi kugawa soda.

Mwaka uliofuata walitupima afya kazini. Presha juu, sukari imeanza kupanda. Nina miaka thelathini na nane. Niliketi pembeni ya jiko, nikawa naangalia mwenzangu akifunua lile shimo tunalonasia mafuta ya jikoni kabla maji hayajatoka nje. Mafuta yalikuwa yameganda juu, ya kijivu, mazito, yana maganda ya soseji ndani yake. Nimelisafisha shimo lile mara nyingi bila kuwaza chochote. Siku ile niliona ninachopitisha kooni.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nikapakwa majivu, nikapiga magoti, nikaomba bila maneno mazuri. Nilimwambia Mungu nimechoka kumwomba abariki vitu ambavyo nisingempa hata mbwa wa jirani. Nikamwambia ametujazia shamba chakula, mbaazi, ngwara, maboga, viazi, karanga, na sisi tunakipakia kwenye malori kiende mbali, halafu tunakaa kwenye foleni ya soseji. Sikusikia sauti yoyote. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama, "Kwaresima hii nifundishe kupika."

"Si umesomea?" mama akauliza.

"Nifundishe chakula chenu."

Akanipa ungo nichambue maharage.

Nilikula hivyo siku arobaini. Dona badala ya sembe, mboga bila kukaangwa, mbaazi zilizoungwa kwa karanga za kusaga, parachichi, ndizi. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma na nilimchukia kila mtu. Nilikuwa nawafungia wageni kuku, mate yananitoka, nikajidharau kwa mate yale. Pasaka ilipofika kila mtu alirudi kwenye nyama. Mimi nilinyanyua kipande, nikakiweka mdomoni, nikasikia harufu ya mfuko ule niliokuwa nakubebea kwenye bodaboda. Nikakitema kwenye kiganja. Sijarudi tena.

Sisemi nimepona, baba. Vidonge bado nameza, na daktari ameniambia niendelee navyo pamoja na chakula hiki. Vipimo vimeshuka, magoti hayanilalamikii kupanda kilima cha kanisani. Hayo yanatosha kushukuru. Kinachonichefua ni kwamba kule loji sasa kuna wageni wanaotoka mbali kabisa wakiomba chakula kisicho na nyama. Mpishi mkuu anawatengenezea ngwara za Rhotia kwenye vibakuli vidogo, juu kajani kamoja, na wanapiga picha. Juzi mama mmoja wa kizungu aliniita mezani akaniambia kupitia kwa mwongoza watalii wake kwamba babu zangu walikuwa na hekima. Nikasema asante. Nilikwenda stoo nikaegemea magunia nikalia kwa hasira, si kwa sababu yake, ila kwa sababu ya sufuria ile niliyoicheka.

Sasa nikwambie la mwezi uliopita, tulipofanya misa ya kumbukumbu yako na kubariki msalaba wa kaburi. Baba mdogo Fabiano alikuja na dume la ng'ombe, amelifunga kwenye mti wa uzio. Nikamwambia mbele ya mama kwamba halichinjwi, tutapika makande.

"Utawalisha watu makande kama wafungwa?" akasema. "Unamwaibisha kaka yangu kaburini."

"Kaka yako alikula makande miaka sitini akiwa mzima. Mimi ndiye niliyemlisha vile vingine. Nilimletea mabaki ya wageni, baba mdogo, na nesi alipouliza nikanyamaza. Nimeshamwungamia padri, sasa nakuungamia wewe."

Sikuwahi kulisema hilo nyumbani. Mama alikuwa ameshika mwiko. Hakuniangalia. Nilingoja aseme nimekuua, maana ndivyo ninavyojiambia. Akaingia ndani, akatoka na sufuria kubwa ya jumuiya, akaiweka miguuni pangu.

"Maji yachotwe," akasema.

Baba mdogo alilifungua dume lake akaondoka nalo.

Usidhani mambo yalikuwa mazuri. Misa ilipokwisha watu walipakua makande, wakatazamana. Wengine waliacha sahani zimejaa kwenye majani, wakaelekea kwenye kitimoto na suti zao za misa. Nilimsikia mmoja akisema binti huyu amejiunga na dhehebu la wasiokula nyama. Kina mama wa jumuiya walikula wakaniuliza mbaazi nimeziungaje, lakini chakula kilibaki kingi, na kesho yake tulikula sisi na majirani wawili. Nilijisikia mpumbavu. Nililichukia kanisa, kijiji, na ile sauti yangu ya kuungama mbele ya ng'ombe.

Alhamisi iliyofuata baba mdogo alirudi, mchana, peke yake. Alikaa mlangoni bila kusema hodi sawasawa. Akatoa mfukoni kadi ya kliniki iliyochakaa kwenye mikunjo. Alikuwa na sukari mwaka mzima kabla hata hujakatwa mguu, baba. Mliketi pamoja kwenye kitimoto, wagonjwa wawili, mmoja anamficha mwenzake. Hata mkewe hajui.

Niliisoma kadi ile nikaona moto kifuani. Nilitaka kumpiga nayo usoni.

"Kwa nini hukumwambia?" nikamuuliza.

"Angeacha kula na mimi."

Nilimpakulia ugali wa dona na mnavu, na mbaazi. Akala kidogo, akaangalia huku na huku.

"Huna hata soda?"

"Sina, baba mdogo. Na ningekuwa nayo nisingekupa."

Alikunja uso kweli. Akasimama, akachukua kofia yake, akafika hadi mlangoni. Niliendelea kula, ingawa nimelelewa kutomnyima mkubwa kitu chochote mezani. Akasimama pale mlangoni amenipa mgongo, muda wa kutosha mimi kumaliza matonge mawili. Halafu akarudi, akaketi, akaivuta sahani.

Jumatatu nampeleka kliniki. Nitaingia naye ndani, na wakimuuliza anakula nini, nitajibu mimi.

Pumzika, baba. Uniombee kwa Mungu, ila usimwombe aniondolee ukali wangu, huo niachie, bado nauhitaji.

Ni mimi, binti yako wa jikoni.